Salim, hiyo laki iweke kwanza

Umoja, Nairobi
Jumapili, 16 Novemba 2025

Ndugu yangu Salim,

Nimeusikiliza ujumbe wako wa sauti mara tatu. Mara ya tatu nilikuwa na mke wangu, akacheka hadi akakaa chini, na kwa nini alicheka utajua mbele. Dakika nne, na karibu zote unaisifu simu ambayo hujaishika! Halafu mwishoni, kama mtu aliyekumbuka kitu mlangoni, "Mutua, hebu pita Luthuli uniulizie bei." Nimepita huko kwenye maduka ya simu. Bei ninayo. Lakini nikikupigia utanikatiza kabla sijamaliza, kwa hivyo acha nikuandikie kama enzi zile za stempu, usome mpaka chini ndipo ubishe.

Jana usiku stima ilipotea hapa mtaani, nikakaa na kalamu na tochi, nikaziweka sambamba simu yako na hiyo unayoitaka. Yako ni Samsung Galaxy S22, iliyotoka Februari 2022. Unayoitaka ni S25, iliyotangazwa Januari mwaka huu. Tukaanza na kamera, maana ndizo ulizozisifu zaidi. Yako ina tatu nyuma: ya megapikseli 50, ya 12 na ya 10. Hiyo nyingine ina tatu: ya 50, ya 12 na ya 10. Nilidhani nimesoma mstari mmoja mara mbili, nikarudia. La, ndivyo ilivyo. Kuchaji, yako wati 25, ile wati 25. Kioo, yako inchi 6.1, ile 6.2. Hata bei waliyoitangaza Marekani ni ileile, dola 799, ambayo kwa shilingi 129 kwa dola ni kama 103,000, na hapo mtoza ushuru wetu bado hajanyoosha mkono.

Nisiwe mwongo: prosesa ya S25, ule ubongo wa simu, ina kasi zaidi, RAM (kumbukumbu ya kufanyia kazi) imepanda kutoka giga 8 hadi 12, betri imeongezeka kutoka mAh 3,700 hadi 4,000. Na kuna suala la masasisho, nalo nitalirudia, kwa sababu ndiyo hoja pekee unayoweza kunibana nayo.

Lakini hiyo kasi, bwana, ya kukimbilia wapi? Kazi yako naijua. Asubuhi hadi jioni ni WhatsApp na wenye mizigo, M-Pesa, barua pepe za meli, na picha za kontena ili namba na sili zionekane. Simu yako ikipiga picha ya sili pale bandarini leo, namba haisomeki? Inasomeka. Sasa unataka isomeke zaidi ya kusomeka?

Unakumbuka 2011, ile simu ya IDEOS ya Huawei? Kabla yake mimi nilikuwa na Nokia 1100, mulika mwizi halisi, na wewe ulikuwa na kile kisimu cha kufunguka ambacho bawaba yake ulikuwa umeifunga na selotepu. IDEOS ikaja, elfu nane hivi, kioo cha inchi 2.8, kidole kimoja kinafunika herufi tatu, na bado tulihisi tumefika mwezini. Barua pepe bila kupanga foleni saiba! Ramani mfukoni! Iliyofuata ikapiga picha ambazo mtu anatambulika sura. Iliyofuata tena ikacheza video bila kukwama. Kila tulipobadilisha simu tuliweza kitu ambacho jana yake hatukukiweza, na ndiyo sababu tulijinyima chakula cha mchana bila kujuta. Nimejaribu kutafuta kitu kimoja tu cha aina hiyo ambacho S25 itakupa na S22 haina. 5G? Yako inayo. Hiyo akili unde wanayoipigia debe? Sehemu kubwa ililetwa hadi kwenye S22 kwa sasisho la Mei 2024. Fungua mipangilio uangalie, nina hakika hujawahi kuigusa. Na Samsung wenyewe waliandika kwa maandishi madogo kwamba huduma hizo ni za bure hadi mwisho wa 2025. Ni mwezi ujao huo.

Sasa nikuungamie, maana najua unajiuliza nimepata wapi hekima hii.

Mwaka 2023 nilinunua simu ya laki na thelathini. Hukuniuliza nilipata wapi pesa, nami sikukwambia: mkopo wa sacco, miezi kumi na minane. Simu yangu ya awali ilikuwa inanichosha. Chaji asilimia 30, nikifungua kamera, zii, imezima. Nikasema imezeeka, nikampa mke wangu, nikajinunulia hiyo mpya. Wiki ya kwanza nilikuwa mfalme. Wiki ya pili nikaanza kuogopa. Unaijua Nairobi: hapo mzunguko wa Globe, matatu imesimama, dirisha liko wazi, mkono unaingia na kutoka kabla hujamaliza kusema "halo". Basi nikanunua kabambe, kisimu cha vitufe, ya elfu mbili, nikaitia laini ya M-Pesa, nikawa naibeba hiyo mkononi mjini. Ile kubwa naifungia kwenye begi, chini ya sweta. Nikifika kazini naitoa. Salim, kwa mwaka mmoja na nusu nililipia simu ya laki ambayo mlinzi wake alikuwa simu ya elfu mbili.

Na kazini naitoa vipi? Usicheke. Naiweka mezani kifudifudi. Watu wote huku wanaiweka kifudifudi, ukiuliza watakwambia wanalinda kioo. Uongo mtupu. Ni ili kamera zionekane. Kwenye mkutano mmoja nilizihesabu, simu saba mezani, zote zimelala kifudifudi kama wagonjwa wanaongoja sindano. Nadhani nawe una meza kama hiyo pale ofisini, na yule kijana mpya uliyenitajia mara mbili katika ujumbe mmoja, anayetembea na ya mwaka huu. Sikulaumu. Mimi pia nimeuza sura kwa mkopo.

Sasa sikia ya mke wangu. Alivumilia ile simu ya kuzimazima karibu miaka miwili, chaja kwenye mkoba, anaomba soketi kila anakokwenda. Agosti mwaka huu nikaona kioo kimeanza kuinuka pembeni. Nikaipeleka Luthuli, kwa fundi aliyeelekezwa na mwenzangu, ghorofa ya kwanza, ngazi zenye giza, kati ya muuza kava na muuza redio za magari. Binti wa miaka ishirini na kitu, miwani ya kukuza juu ya paji la uso, meza yake haizidi upana wa sinia. Akailaza simu juu ya bati lenye moto, akangoja. Kisha akachukua kadi ya laini ya zamani iliyokatwa ikawa kama ukucha, akaipenyeza pembeni, akaizungusha polepole kama mtu anayebandua chapati iliyoshika kwenye kikaango. Gundi ikalia. Mgongo ukatoka.

Betri ilikuwa imevimba katikati, kidogo tu, kama andazi lililoanza kuumuka. "Hii ndiyo ilikuwa inasukuma kioo," akasema. Akadondosha spiriti pembeni ili gundi ilegee, akaivuta kwa vidole. Bisibisi hakuigusa, ukiitoboa inashika moto, akaniambia, huku akiiweka kando ndani ya mkebe wenye mchanga. Nikamwuliza mbona ilikuwa inazima ikiwa bado na 30. Hakuinua macho: "Betri ikizeeka, chaji inaweza kuwemo, lakini nguvu ya kuitoa kwa mkupuo haina. Ukifungua kamera simu inaomba nyingi kwa wakati mmoja, betri inashindwa, simu inazima." Dakika arobaini, shilingi 3,800. Mke wangu sasa anaichaji usiku, na jioni ya kesho yake bado anaangalia video za mapishi. Ndiyo sababu alicheka. Mimi ugonjwa huohuo niliutibu kwa laki na thelathini.

Wala si kisa changu peke yangu. Desemba 2017 Apple walikiri kwamba walikuwa wakipunguza kasi ya iPhone za zamani ili betri zilizochoka zisizime simu ghafla. Kelele zilipozidi, wakashusha bei ya kubadilisha betri kutoka dola 79 hadi 29. Hebu fikiria waliokuwa wameshanunua mpya wakiamini ya zamani imekuwa nzito. Betri hizi za lithiamu zina umri, haijalishi nani kaunda simu. Apple huandika kwamba betri za iPhone 14 kurudi nyuma zimeundwa kubaki na asilimia 80 ya uwezo baada ya mizunguko 500 ya chaji. Ukichaji mzunguko mmoja kwa siku, huo ni kama mwaka mmoja na miezi minne. Yako ina zaidi ya miaka mitatu, kwa joto la Mombasa, na unaiacha juu ya dashibodi ya gari pale geti la bandari jua la saa saba likiipiga. Nilikuona kwa macho yangu Idi. Joto ndilo linaloiua betri, kuliko hata hayo maongezi yako marefu.

Ukisikiliza tena ujumbe wako utajisikia mwenyewe: dakika ya kwanza nzima unalalamika kwamba chaji haifiki adhuhuri. Hizo tatu zilizobaki ni za kamera na yule kijana.

Haya, masasisho. Hapa uko na haki. S22 iliahidiwa matoleo manne ya Android, mfumo unaoendesha simu, na Android 16 ndiyo la mwisho. Masasisho ya usalama ni miaka mitano, yaani hadi mwanzoni mwa 2027. S25 imeahidiwa miaka saba, hadi 2032. Kwa mtu anayepitisha pesa za watu kwenye simu kama wewe, siwezi kukwambia ubaki na simu isiyopata masasisho ya usalama. Kwa hivyo 2027 utanunua, na nitakupeleka mwenyewe. Ila kufikia hapo hiyo S25 itakuwa imeshuka bei sana na bado itakuwa na miaka mitano ya masasisho mbele yake. Sioni kwa nini uilipie bei ya mwaka wa kwanza.

Dada yako yeye ni habari nyingine. Yule anarekodi harusi kwa simu, anajaza hifadhi kila Jumamosi, na video ndiyo ugali wake. Akiniuliza nitamwambia anunue, tena ile kubwa. Simu itajilipa. Yako itakulipa nini?

Bei nilikuahidi: laki moja na nane bila risiti, laki moja na kumi na nane na risiti. Jamaa alisema hivyo bila kupepesa macho. Kulikuwa pia na za mtumba, hizo wanaziita ex-UK, yaani zilizotumika Uingereza, nusu bei, lakini hapo ukiamua lazima ubonyeze *#06#, ulinganishe IMEI, ile namba ya utambulisho wa simu, na iliyo kwenye boksi, na uhakikishe imelipiwa ushuru. Mimi singeanza na hiyo njia.

Ninachopendekeza ni hiki. Tarehe 6 Desemba unakuja kwa harusi Eastleigh. Panda treni ya Ijumaa, Jumamosi asubuhi kabla ya nikahi tutapanda zile ngazi zenye giza pamoja. Nimeshamwuliza binti kuhusu S22, betri nzuri ni 4,500, akaniambia nisikubali ya 1,500 hata nikibembelezwa. Ila amenionya jambo moja nawe ulijue: ikishafunguliwa, usiitegemee tena kuzuia maji kama zamani, kwa hivyo yale mambo ya kupiga picha ukiwa ndani ya bahari Nyali uyaache. Kabla hujaondoka nyumbani hifadhi picha zako mahali pengine, usije ukanilaumu. Na tangu leo washa ule mpangilio wa kuzuia chaji isipite 80, ukae hata kwa betri mpya.

Ukibadilishiwa betri, ukakaa nayo hadi Januari, na bado unaitaka hiyo S25, niambie nirudi kwa yule jamaa wa bei mbili. Sitakukatalia tena.

Wasalimie nyumbani wote, na Mama mwambie dawa ya magoti nimeipata, utarudi nayo. Achari ya embe usisahau, ile ya pilipili nyingi. Na uniletee chaja yangu uliyoondoka nayo Idi.

Wako,
Mutua