Kabla hujampa kijana pesa za upatu

Chake Chake,
Ramadhani, 2020

Shoga yangu mpenzi,

Assalaam alaykum. Huku hatujambo, funga inakwenda, mvua nazo hazituachi. Barua yako nimeisoma. Unasema mwana wa dada yako, tangu hoteli ya Nungwi ilipofungwa, kutwa yumo kwenye simu, na sasa anakuomba pesa zako za upatu akanunue mafuta ya Marekani kwa kuwa yamekuwa bure. Kushuka yameshuka kweli. Ila hicho anachotaka kukinunua si mafuta, shoga.

Ni mkataba wa kununua mafuta ya mwezi wa mbele kwa bei mnayopatana leo. Mmoja ni mapipa 1,000, una mwezi wake, na ukiisha bado unao mkononi unatakiwa ukayapokee mafuta yenyewe Cushing, mji mdogo huko Oklahoma uliojaa matangi. Sasa tazama yaliyotokea Aprili 20. Mkataba wa Mei ulikuwa unakwisha kesho yake. Ijumaa ulikuwa umefungia dola 18.27 kwa pipa. Watu wamejifungia majumbani kwa korona, ndege hazipai, na nafasi iliyobaki kwenye matangi ilishakodiwa na wenyewe. Wengi waliokuwa na mikataba ni wachuuzi wa karatasi tu, hata dumu la kutilia hawana. Wewe mtu wa Pemba utafahamu: mtu kakodi mikarafuu, karafuu zishaiva, hana wachumaji, hana jamvi, na nyua za majirani zote zimejaa. Si atamlipa mtu aje amwondolee? Ndivyo ilivyokuwa. Kwetu ilishapiga saa 3 usiku bei ilipovuka sifuri ikielekea chini, na saa 3 na nusu ikafungia dola 37.63 chini ya sifuri. Kaka yangu wa Muscat alinitumia picha ya skrini, nikamwambia simu yake mbovu.

Piga hesabu mwenyewe. Aliyeingia siku ile kwa dola 10 kwa pipa, akisema chini ya sifuri haiendi, mkataba mmoja ulimla dola 47,630. Zake 10,000 zilikwenda, na juu yake akadaiwa. Huko Uchina watu wa kawaida waliopitia benki waliamka wakakuta akiba haipo.

Na siku hiyo hiyo mkataba wa Juni ulifungia juu ya dola 20, na Brent, mafuta mengine yanayouzwa kwenye soko la London, hayakuikaribia sifuri. Basi muulize kijana: anataka upi, wa mwezi gani? Kama hajui, hilo peke yake linatosha kumnyima. Akisema atauza wa mwezi huu anunue wa mwezi ujao, mwambie wa mbele sasa hivi ni ghali kuliko wa karibu, kwa hiyo kila akihama anaacha kitu njiani.

Atakwambia bei itapanda, maana OPEC, umoja wa nchi zinazouza mafuta, na Urusi na wenzao wameanza Mei hii kupunguza mapipa milioni 9.7 kwa siku. Huenda. Mimi sibishani naye hapo. Lakini yeye ataingia kwa mkopo wa dalali, na bei ikiteremka kidogo tu dhamana yake, yaani pesa aliyoiweka kwa dalali, inaliwa, dalali anamfungia biashara bila kumuuliza. Wiki ya pili bei inapanda, yeye hayumo.

Hisa za makampuni ya mafuta zina nafuu kidogo: ukiinunua kwa pesa yako, ikifa inakufa na pesa uliyotia, haikufuati nyumbani. Lakini nako si shwari. Aprili 30 Shell wamelikata gawio lao, yaani faida wanayowagawia wenye hisa, jambo ambalo hawakulifanya tangu Vita vya Pili vya Dunia. Wazee wa Uingereza waliokuwa wakilitegemea sijui wamefuturu na nini, kama wanafuturu!

La halali na haramu usiniulize mimi, muulize ustadhi wako. Ninalolijua ni kwamba masheikh wengi hawaikubali mikataba hii, kwa kuwa mtu anauza asichokimiliki. Mimi faida yangu ya mafuta kushuka naingojea sheli, siku ZURA, wasimamizi wa bei ya mafuta hapa Zanzibar, watakapotangaza bei.

Huyo kijana usimgombeze, hana kazi na anahangaika. Mwambie anipigie baada ya kufuturu, programu yake akiwa ameifungua, anisomee dhamana wanayomtaka aweke ni kiasi gani na wameandika nini ikimalizika. Mpaka hapo pesa za upatu zikae kwa kijumbe.

Nisalimie mama na watoto wote.

Shoga yako wa Chake