Logi za Excel, baa mbili na pesa za chama

Umoja, Nairobi

Mwikali mwalimu wangu,

Sasa? Za Kitui, na mzee wa nyumba ameamkaje? Najua nimechelewa kukujibu, huku kazini tulikuwa tunafunga hesabu za mwezi na wakati huo hata chai unakunywa ukiwa umesimama, kwa hivyo acha nikujibu vizuri mara moja badala ya hizi meseji nusunusu.

Umeuliza kwa nini logi (logarithimu, yaani kipeo unachompa 10 ndio upate namba yako) ya 0.0457 kwa Excel inatoka -1.3401 na wewe kwa kitabu cha majedwali umepata baa 2.6599, ati kama kompyuta ya stafurumu imeharibika. Haijaharibika bana. Hiyo ni namba moja. Baa ni ule mstari mdogo juu ya 2, unasema hiyo 2 peke yake ndio hasi, kwa hivyo baa 2.6599 inamaanisha -2 ujumlishe 0.6599, fanya hiyo hesabu utaona unaangukia -1.3401. Kitabu kinashikilia mantisa, ile sehemu ya desimali, iwe chanya kila saa ndio jedwali moja litoshe namba zote, 4.57 na 457 na 0.0457 zote zinasoma 6599 na kinachobadilika ni ile namba ya mbele peke yake. Excel haina jedwali la kufungua, inakupa jibu lote likiwa limeshakunjwa pamoja.

Sasa juu unataka makingi skimu, ile karatasi ya majibu ya kusahihishia, ambayo itafanana na vile watoto wanaandika, fanya hivi. Namba yako iko A2. Kwa B2 weka =INT(LOG10(A2)) itakupa -2, hiyo ndio baa mbili. Kwa C2 weka =ROUND(MOD(LOG10(A2),1),4) itakupa 0.6599. Usitumie TRUNC hapo kwa B2 hata kama mtu atakuambia ni kitu moja, TRUNC inakata desimali tu kwa hivyo itakuletea -1, lakini INT inashuka chini mpaka -2 na hiyo ndio tunataka. Kwa namba kubwa kuliko moja zote mbili zinatoa jibu sawa, ndio maana watu hawashtuki mapema. Kurudi nyuma, yaani antilogi, hakuna fomula ya hilo jina, unaandika tu =10^ halafu seli yenye logi.

Na lile swali la mzizi wa tatu ambalo kila mwaka linawaliza, unajua lile. Baa 2.6599 gawanya kwa 3. Mtoto lazima ageuze iwe baa 3 na 1.6599 ndio igawanyike, apate baa 1.5533, na nusu ya darasa inasahau kukopa hiyo moja. Kwa Excel ni -1.3401 gawanya kwa 3, unapata -0.4467, antilogi yake 0.3575, basi. Waonyeshe hizo mbili zikiwa sambamba, safu ya kitabu na safu ya Excel, waone baa 1.5533 na -0.4467 zikifika kwa 0.3575 moja. Mimi nadhani hapo ndio baa itaacha kuwa uchawi kwao.

Kitu kingine cha kuchunga ni besi, yaani ile namba ya chini inayobeba kipeo. Logi bila besi ni kama kuuliza bei ya mahindi bila kusema ni kilo ama gunia. Kwa Excel, =LOG(100) inakupa 2 juu ukinyamaza yenyewe inachukua besi 10, na Google Sheets na LibreOffice ni hivyo hivyo. =LN(100) ni besi e, ile namba ya 2.718 hivi, inakupa 4.605. Ukitaka besi nyingine unaiandika mwenyewe, =LOG(8,2) inatoa 3. Lakini yule kijana wenu wa kompyuta aliyekuwa anataka kuwaandikia makro, programu ndogo ndani ya Excel, mwambie mapema, ndani ya VBA, lugha ya kuandikia hizo makro, neno Log ni besi e, si 10! Kampuni moja, programu moja, majibu mawili. Mtu anatoa fomula kwa shiti anaipeleka kwa makro bila kuangalia na alama za darasa zima zinaenda kombo na hakuna kosa lolote linatokea kwa skrini.

Ooh na hii itakuchekesha. Andika =LOG10 bila mabano ubonyeze Enter. Itakupa 0. Kwa nini? Tangu Excel ya 2007 safu zinaenda mpaka XFD, kwa hivyo kuna safu inaitwa LOG kweli kweli, na LOG10 ni seli ya safu hiyo mstari wa kumi, na iko tupu. Mabano ndio yanaifanya ijue unataka logarithimu.

Makosa utakayokutana nayo si mengi. #NUM! ni sifuri ama namba hasi, hizo hazina logi, kwa hivyo funika na =IF(A2>0,LOG10(A2),"") uendelee na maisha. #VALUE! mara nyingi ni mtu ameandika 480,000/= na hiyo mkia ya shilingi inafanya Excel ione maneno badala ya namba. Na kama ile laptopu yako ya ex-Ulaya ya Luthuli Avenue inakataa koma kabisa, angalia mipangilio ya nchi, zikiwa za Kijerumani inataka =LOG(8;2) na nukta ya desimali inakuwa koma. Badilisha iwe Kenya, ama Uingereza kama Kenya huioni.

Sasa Mwikali nikuambie kile kimekuwa kikinisumbua, na najua tutabishana. Sisi tulifundishwa logi kama njia ya kuzidisha. Tafuta logi, jumlisha, tafuta antilogi. Na kusema ukweli ndio sababu zilitengenezwa, John Napier alitoa majedwali yake kule Uskoti 1614 juu watu wa kuchunguza nyota walikuwa wanateseka na kuzidisha namba ndefu kwa mkono, Henry Briggs, mwanahesabu wa Uingereza, akasafiri mpaka Edinburgh kumwona wakaelewana kuhusu besi 10, na jedwali la kwanza la Briggs likatoka 1617, mwaka ule ule Napier alikufa. Sawa. Lakini leo 0.0457 mara 68.3 hata simu ya kabambe inafanya. Kazi ya logi ambayo imebaki, ile mimi natumia kazini karibu kila wiki, ni kushusha kipeo. Yaani lile swali la itachukua muda gani. Na hilo ndio tunawapitishia haraka haraka mwisho wa muhula kama mtu anafukuzwa na matatu!

Chukua pesa za chama chetu cha kuweka akiba. Tuko na 480,000 kwa MMF (money market fund, mfuko wa uwekezaji unaolipa riba), tunataka ifike milioni ndio tuongee mambo ya ploti. Tuseme riba ni asilimia 10 kwa mwaka na hakuna mtu anaongeza kitu. Ni 480,000 mara 1.10 yenye kipeo n, sawa na 1,000,000, na huyo n amekaa huko juu hutamfikia kwa kugawanya. Logi ndio inamshusha: =LN(1000000/480000)/LN(1.10). Jibu ni 7.7, miaka saba na miezi kama nane. Ukitumia LOG badala ya LN juu na chini unapata 7.7 ile ile, besi inajikata yenyewe, na hiyo waache waigundue wao wenyewe usiwaambie.

Halafu kodi. Ile kodi ya zuio ya asilimia 15 inakatwa kwa riba, kwa hivyo 10 inabaki 8.5. Badilisha hapo chini iwe LN(1.085) na jibu linaruka mpaka 8.997, sema miaka tisa. Ukitaka kuhakikisha andika =480000*1.085^9 utaona milioni moja na shilingi mia mbili hamsini hivi juu yake. Mwaka mmoja na zaidi umeenda na kodi! Niliposomea watu wa chama hiyo namba kulikuwa na kimya halafu mama Shiko akasema basi kila mtu atoe pesa, na hapo ndio mchango wa mwezi ulianzia.

Sasa na mchango, tuseme jumla 5,000 kila mwezi, ile fomula fupi haitoshi tena. Tumia =NPER(0.085/12,-5000,-480000,1000000), ambayo inahesabu ni miezi mingapi, na zile hasi ni pesa inayotoka mfukoni mwenu, ukizisahau italeta upuzi. Inakupa 51.5, kwa hivyo mwezi wa 52, miaka minne na kidogo badala ya tisa. Ndani ya NPER kuna logi imefichwa, ni ile ile tu imevaa suti.

Kama unaogopa mwalimu mkuu atasema unafundisha kamari, tumia sensa. 1969 Kenya tulikuwa 10,942,705 na 2019 tukawa 47,564,296, miaka hamsini katikati. =LN(47564296/10942705)/50 inakupa 0.0294, yaani karibu asilimia 2.9 kwa mwaka. Halafu =LN(2) gawanya kwa hiyo, unapata 23.6, kwa wastani watu walikuwa wanaongezeka mara mbili kila miaka 23 na nusu hivi. Darasa la Form Three likiona hiyo litaanza kuuliza kuhusu mashamba na shule na maji bila kusukumwa, na Kitui maswali ya maji hayakosi. Kama una sensa za katikati pia zichore kwa grafu, mhimili wa wima uuweke kwa skeli ya logi, mahali mstari unaanza kulala ndio ukuaji ulipungua. Kwa grafu ya kawaida hutaona hiyo, utaona tu kitu kinapanda.

Sisemi mtupe kitabu cha majedwali, mtihani bado unaweza kuuliza na mtoto hawezi kumwambia msahihishaji ati kuna Excel. Nasema tu vipindi viwili vya baa vitoshe na vingine viende kwa n.

Ukimaliza makingi skimu nitumie faili yenyewe kwa imeili, usinitumie picha ya skrini juu kwa picha siwezi kuona fomula. Na kama utakuja Nairobi kwa mkutano wa chama mwezi huu niambie mapema, mweka hazina bado hajatuma riba mpya ya MMF kwa grupu na tukimuuliza tukiwa wawili hatakuwa na pa kukimbilia.

Salimia mzee na mtoto, mwambie Mutua shangazi yake wa Nairobi hajasahau kiatu chake.

Wako,
Achieng