Kabla hujaanza chuo

Mkomani, Lamu

Kwa shoga yangu Salma,

Assalaam alaykum. Huku sote wazima, ila kusi bado inavuma na mashua nyingi zimefungwa.

Umeniuliza ujiwekee malengo gani unapoanza mwaka wa kwanza wa uhusiano wa kimataifa. Chuo kitakupa yake: nadharia, historia ya diplomasia, mashirika ya kimataifa. Hayo utayapata, usihofu. Langu mimi nililijua nimeshachelewa.

Nikiwa likizo ya mwaka wa tatu, ami yangu wa Kiunga, karibu na mpaka wa Somalia, alikuja kutengenezesha mashine ya boti. Akaniuliza, "Mwanangu, ile kesi ya bahari na Somalia, mstari umepita wapi?" Sheria ya bahari nilikuwa nimeifanyia mtihani na alama nimepata nzuri. Nikamwagia maneno ya darasani. Akanisikiliza kwa adabu, kisha akarudi kwenye mashine yake. Niliumia, Salma. Yeye ndiye anayevua kule.

Usiku ule nikaifungua hukumu yenyewe ya Mahakama ya Kimataifa ya Haki, ya tarehe 12 Oktoba 2021. Miaka yote nilikuwa nikisoma mihtasari tu! Kenya ilidai mstari wa mpaka baharini uende mashariki ukifuata latitudo, na kwamba Somalia imeukubali kwa kunyamaza kwake. Mahakama ikasema makubaliano hayo hayakuthibitika. Ikaanza na mstari wa katikati, ulio mbali sawasawa na pwani zote mbili, halafu ng'ambo ya maili 12 za baharini kutoka pwani ikausogeza kaskazini kidogo, kwa kuwa bahari ya Kenya imebanwa baina ya Somalia na Tanzania. Serikali yetu ikaikataa hukumu.

Asubuhi nikamchorea ami mchangani kwa kijiti: pwani yetu, mpaka, Pemba kule kusini. Safari hii alichuchumaa, akaniuliza, "Na wenzetu wa Ras Kamboni, upande wa Somalia, wao wanaona wamepata au wamekosa?" Sikuwa na jibu. Sisi Wabajuni tuko pande zote mbili za mpaka ule, na mimi nilikuwa nimesoma nikiwa nimekaa upande mmoja tu.

Kwa hiyo, kila muhula chagua mkataba mmoja au hukumu moja, uisome yote. Hoja ya upande usioupenda ieleze mpaka mwenyewe akiisikia akubali kuwa ndiyo yake. Kisha uieleze kwa Kiswahili kwa mtu wa nyumbani. Na Kisomali uanze mapema. Mimi ndiyo kwanza najifunza.

Ukija Desemba tukae barazani, unisimulie ya kwanza. Nitamwita na ami.

Wako akupendaye,
Mwanaisha