Burley sio tumbaku ya kujazia, Mhariri

Mhariri, salaam nyingi. Naandika kwa simu ya mjukuu na vidole vyangu ni vinene, kwa hiyo herufi zikirukaruka mnivumilie tu.

Jumapili iliyopita mlitoa makala ya starehe za wazee, mara kahawa, mara bao, mara viko, nikafurahi kweli maana sisi wa kiko tumebaki wachache hapa mjini na hakuna anayetukumbuka, nikasoma taratibu nimekaa uani mpaka chai ikapoa, afu nikafika pale mwandishi wenu anaposema burley, aina moja ya jani la tumbaku, ni ya kujazia tu, yaani ya kuongeza wingi kwenye mchanganyiko, eti haina ladha, eti mtu akitaka raha ya kiko anunue ile yenye vanila. Hapo nikaweka gazeti chini. Kijana huyo (nasema kijana kwa jinsi anavyoandika, kama ni mzee mwenzangu basi aibu ni yake) ama hajawahi kuvuta burley au amevuta kwa pupa kama anavuta sigara mlangoni mwa daladala.

Nusu ya maneno yake ni kweli, simkatalii. Jani la burley lina vinyweleo vingi, lina njaa, ukilimwagia maji ya sukari, kakao, urukususu au pombe ya rumu linakunywa yote kama sifongo, ndio maana viwanda vinalipenda kwa michanganyiko, na hata sigara nyingi za mtindo wa Kimarekani ndani kuna burley pamoja na Virginia na zile za kituruki. Lakini kitu kushika harufu za wenzake haina maana chenyewe hakina yake. Mchele nao unashika iliki na nazi, nani kasema mchele hauna ladha?

Afu hilo la kushika harufu nalijua kuliko yeye, limenikuta nyumbani. Bibi yenu kafukiza udi chumbani siku ya Ijumaa na kopo langu liko wazi juu ya kabati, siku tatu nzima kiko kinanuka harusi. Mwaka mwingine niliweka pakiti jikoni karibu na karafuu za pilau, hiyo sikuivuta kabisa, niliimwaga.

Sasa ladha yake ni ipi. Kwangu mimi burley ikiwa peke yake, haijatiwa manukato mengi, ni karanga zilizokaangwa na maganda yake mekundu yale, ukiendelea inakuja kakao isiyo na sukari, halafu kwa chini kuna kitu kama mkate uliobanikwa kwenye jiko la mkaa ukaungua kidogo pembeni. Haina utamu. Huo ndio ugomvi wenyewe, watu wanatafuta utamu wakikosa wanasema hakuna ladha, mbona kahawa ya kwenye buli pale Magomeni tunakunywa chungu na hakuna anayesema haina ladha? Tena vitu hivi viwili vinaendana sana, kahawa chungu, kashata kipande, na kiko cha burley baada ya magharibi, hapo usiniite kwenye simu.

Nina mtani wangu Mnyamwezi, kwao Urambo, amelima tumbaku ya mvuke ujana wake wote, yeye na Virginia yake hawaachani na kila siku barazani tunabishana. Yeye ndiye aliyenielewesha kwa nini hizi mbili zinatofautiana, ingawa alitaka kunionyesha kwamba ya kwake ni bora. Ile Virginia wanachuma jani moja moja kadiri linavyoiva, wanalifunga kwenye vijiti, wanaingiza kwenye bani, yaani banda la kukaushia, wanachochea kuni joto linapanda kidogo kidogo, kwa muda wa wiki hivi imekwisha, jani limekuwa la njano na sukari imebaki humo humo ndani. Burley ni ya hewa. Unakata mmea mzima na shina lake, unauning'iniza kichwa chini kwenye banda lenye kivuli na upepo, hakuna moto, unaacha wiki nne, sita, hata nane. Siku za mwanzo jani bado liko hai, linapumua na kujila sukari yake lenyewe, mpaka likifika rangi ya kahawia sukari karibu yote imekwisha. (Mtani hapendi nikimkumbusha miti ya miombo iliyoishia kwenye mabani yao, anabadilisha mazungumzo.)

Kutoka hapo mambo mengine yote unayaelewa. Tumbaku yenye sukari nyingi inaungua kwa moto mkali na ukivuta haraka inang'ata ulimi, kesho yake hata mchuzi wa ndimu huwezi. Burley inaungua polepole, moshi wake umepoa, ulimi unabaki salama. Ila isikudanganye kwa upole huo maana nikotini yake ni nyingi kushinda ya Virginia, na moshi wake una asili ya magadi, sio ya tindikali, kwa hiyo nikotini inapenya kwenye ngozi ya mdomo hata kama hujameza moshi. Mtani alikuja siku moja saa tano asubuhi hajala kitu, akanicheka na kijitumbaku changu cha kujazia, nikamjazia kiko, akakivuta kile cha kwanza akaomba tena, cha pili hakukimaliza, nikamwona kakaa kimya jasho linamtoka kwenye paji la uso anaangalia ukuta. Nikamtengenezea chai ya sukari vijiko vinne akarudi duniani. Tangu siku hiyo anaiita "tumbaku ya Wazaramo", sijui ni sifa au tusi.

Mi nilianza na burley nikiwa karani bandarini, na mwalimu wangu alikuwa baharia mmoja mtu wa Tanga aliyezunguka dunia na meli mpaka akachoka. Aliniletea kopo jekundu la Prince Albert, mwaka 1983. Wenye umri wangu wakiona mwaka huo watacheka. Msako wa wahujumu uchumi umepamba moto, sabuni ya kufulia yenyewe kuipata ni kazi, watu wanatupa bidhaa usiku zisikutwe ndani mwao, na mimi karani wa bandari nina kopo jekundu la nje linang'aa. Nililiweka uvunguni ndani ya kiatu cha mvua na kila nikivuta nafunga dirisha. Prince Albert imekuwepo tangu 1907, msingi wake ni burley ya Kimarekani, imekatwa vipande vidogo vidogo vinavyojaza kiko bila taabu na imetiwa kakao kwa mbali, na mpaka leo ukinipa nichague kati yake na hizo za vanila za bei ya mbuzi sitafikiri mara mbili. Vanila ukiinusa kwenye kopo ni tamu kweli, jirani akipita anasema babu unanukia, lakini mdomoni mwako wewe mvutaji ni maji moto. Yani unavuta kwa ajili ya pua za wapita njia.

Na hiyo burley nyeupe ya leo ilitokea kama bahati. Mwaka 1864 huko Ohio mkulima anaitwa George Webb alisia mbegu zilizotoka Kentucky, miche mingine ikaota imepauka kama ina ugonjwa, ikaonekana haifai, kumbe ikikua inakauka vizuri na inapokea viungo kuliko ile ya zamani. Ikaenea Kentucky yote mpaka Tennessee, halafu ikavuka bahari, leo jirani zetu Malawi ndio wanaojulikana kwa burley Afrika nzima. Kule zamani ilikuwa ya mashamba makubwa, wakulima wadogo walianza kuruhusiwa mwanzoni mwa miaka ya 1990. Sisi huku tuna mvuke ya Tabora na tuna ile ya moshi ya Songea, nzito, inanuka kama nyama iliyokaushwa juu ya jiko la kuni, ukichanganya kidogo kwenye burley, kidogo sana, kama unavyotia chumvi, inakuwa kitu kingine kabisa. Hapo ndipo ninapoumia Mhariri. Nchi inalima tumbaku tangu enzi za mkoloni, inachambuliwa pale Morogoro, saa nne tu kutoka hapa, na mimi mzee wa Magomeni kopo la kiko naletewa na mpwa wangu kutoka ng'ambo, likiwa limelipiwa ndege.

Na nikijaribu kununua hapa hapa mjini ndio balaa. Duka moja, silitaji, niliuziwa kopo limefutwa vumbi vizuri, kufungua nakuta ukungu mweupe juu kama wa muhogo uliolala, nikarudisha muuzaji ananiambia mzee hayo ni manukato. Manukato! Wengine wanashindwa kutofautisha, na kweli kuna tumbaku inayotoa chembe nyeupe ikikaa sana, lakini ile haina manyoya wala harufu ya stoo, ukungu una manyoya na ukinusa unajua. Fukuto letu hili la Dar sio la mchezo, masika kopo likikaa wazi siku mbili tumbaku inakunywa hewa inakuwa kama mchicha. Mi yangu iko kwenye chupa ya kioo ya jemu yenye mfuniko wa kukaza, na kabla ya kuvuta natoa ya kiko kimoja natandaza juu ya gazeti (lako hilo hilo Mhariri, kurasa za matangazo) dakika ishirini au nusu saa karibu na dirisha. Nabana kwa vidole, ikibaki donge bado mbichi, ikiachia yenyewe taratibu hapo tayari, ikivunjika kuwa unga nimechelewa. Burley mbichi inakoroma kwenye kiko kama mtu mwenye mafua na unaimaliza njiti zote za kiberiti, nina hakika huyo mwandishi wenu alivuta mbichi.

Kujaza nako usishindilie. Chini legeza, juu kaza kidogo, vuta kabla ya kuwasha usikie kama hewa inapita. Washa mara ya kwanza juu tu, itafura, ibonyeze kwa upole, washa tena. Baada ya hapo punguza haraka, kidogo kidogo tu, kikizimika washa tena hakuna aibu, ukisikia kiko kinachoma kiganja ujue unavuta kama treni, kiweke chini ongea na watu. Burley inalipa ukiivuta polepole, nusu ya kwanza ni karanga, nusu ya mwisho ndio kakao yenyewe inakuja, na wengi wanakung'uta kabla hawajafika huko.

Kiko chenyewe pia kina neno. Wamarekani wa Missouri wanatengeneza viko vya magunzi ya mahindi, kampuni ya Missouri Meerschaum iko kazini tangu 1869, na gunzi na burley ni kama ugali na mlenda, gunzi linanyonya unyevu moshi unatoka mkavu. Magunzi sisi tunatupia ng'ombe. Lakini mimi ninachokipenda ni cha hapa kwetu, na hili nadhani wasomaji wengi hawalijui, zamani Tanganyika ilitengeneza viko kwa jiwe jeupe jepesi linaitwa mirishamu, lilikuwa linachimbwa Sinya huko Longido, bonde la Amboseli upande wetu wa mpaka, na chapa yake ilikuwa Kiko na picha ya tembo. Vilikwenda mpaka Ulaya. Nilichonacho alikiacha bosi wangu wa zamani alipostaafu, kimebadilika rangi kimekuwa kama asali, tembo bado anaonekana ukimgeuzia kwenye mwanga. Jiwe hilo halina ladha yake, kwa hiyo tumbaku mbovu inajianika humo na nzuri inajianika pia, na kwenye hicho ndipo nilipojua kwamba burley iliyokaa miaka miwili kwenye chupa inapungua ukali na ile karanga inakuwa ya kuoka badala ya kukaanga.

Sijaandika ili mtu aanze. Asiyevuta asivute, mi daktari wangu tumeshagombana sana, na anayekwambia kiko ni salama kwa sababu humezi moshi anakudanganya, kansa ya mdomo haiulizi kama umemeza. Sheria ya tumbaku ya 2003 nayo naiheshimu, sivuti kwenye hadhara wala ndani kwenye watoto, ni uani chini ya mwembe na wajukuu wamefundishwa wakiona kiko wanakaa mbali. Ila mtu akiamua kuandika habari za tumbaku basi aandike za kweli.

Mwisho naomba kwa wasomaji wenu wa Mbeya na Kyela wanaovuka kwenda Malawi, kama kuna anayeweza kunipatia jani la burley lililokauka vizuri ambalo halijatiwa kitu, hata mkono mmoja tu, yaani kifungu kimoja cha majani, nitalipa jani na nauli ya basi. Na mwandishi wenu aje Magomeni siku yoyote baada ya magharibi, kahawa juu yangu, ila ale kwanza.

Mzee wa kiko,
Magomeni Mapipa, Dar es Salaam