Barua kwa vijana wangu wenye bastola mpya: msiniambie haina risasi

Wanangu,

Nawaandikia nikiwa bado na hasira, na sitaificha. Juzi nilialikwa nyumbani kwa kijana ninayempenda kama mwanangu wa kumzaa. Ana wiki tatu tangu apate kibali na kununua bastola. Tulipomaliza kula akaingia chumbani, akatoka nayo, akaanza kutuonyesha kama mtu anayeonyesha simu mpya. Sebuleni tulikuwa watu wazima watano, na watoto wawili wamelala kifudifudi sakafuni wakichora. Akaikoki kwa mbwembwe, yaani akavuta slaidi, ile sehemu ya juu inayoteleza, ili tusikie ule mlio, kisha akachomoa magazini, kile kikasha cha risasi, akaiweka mezani, akanipa bastola huku mtutu umenielekea tumboni. "Ishike tu, mzee, haina risasi."

Niliielekeza kwenye ukuta usio na mtu nyuma yake, nikavuta slaidi. Risasi ikaruka, ikagonga mguu wa meza, ikabingirika hadi kwenye karatasi ya yule mtoto mdogo. Akaiokota, akaja kuniwekea kiganjani, akidhani mzee ameangusha kitu chake.

Kijana akacheka. Laiti angenyamaza, pengine nisingeiandika barua hii.

Basi nisikilizeni. Bastola ya magazini haihifadhi risasi mahali pamoja. Nyingine zimo kwenye magazini, ndani ya mpini, na moja inaweza kuwa imekaa kwenye chemba, kile chumba kidogo nyuma ya mtutu, tayari kwenda. Ukivuta slaidi wakati magazini bado imo, slaidi ikirudi mbele inasukuma risasi ya juu na kuiingiza chemba. Ukichomoa magazini baada ya hapo, umetoa zote isipokuwa ile moja. Na bastola nyingi hufyatuka vizuri tu hata magazini ikiwa mezani. Kijana wangu alifanya kazi yote ya kuijaza, halafu akatutangazia kuwa ni tupu.

Mpangilio ni huu, na haugeuzwi: kwanza elekeza mtutu mahali ambapo risasi ikitoka haitamdhuru mtu, kidole kikiwa nje ya triga, kile kifyatulio. Pili, chomoa magazini. Tatu, vuta slaidi mpaka mwisho, mara mbili au tatu, kilichomo kiruke nje. Nne, izuie slaidi ikiwa wazi, utazame ndani ya chemba kwa macho, kisha ingiza ncha ya kidole kidogo uguse. Macho hudanganyika, hasa gizani na hasa mtu akiwa amechoka. Kwenye rivolva, ile bastola yenye silinda inayozunguka, fungua silinda, toa zote, uhesabu matundu moja baada ya jingine. Ukimkabidhi mwenzako, mkabidhi ikiwa wazi, naye akague upya mbele yako. Asione haya kukagua, nawe usione amekudharau. Mimi hukagua hata bastola ambayo nimeiona ikikaguliwa sasa hivi na mtu ninayemwamini kuliko ninavyojiamini.

Nina rafiki wa ujanani ambaye mkono wake wa kushoto una vidole vitatu. Hakuwa mlevi wala mpenda sifa, alikuwa mtu makini kuliko wengi wenu. Siku hiyo alikaa kusafisha bastola yake. Akachomoa magazini, simu ikalia, akainuka akapokea. Aliporudi mikono yake ilidhani imeshamaliza kukagua. Sasa kuna aina za bastola ambazo hazifunguki kwa kusafishwa mpaka uvute triga kwanza. Akaivuta, kiganja cha kushoto kikiwa mbele ya mtutu. Kila ninaposikia mtu kajipiga "akisafisha bastola", namkumbuka yeye na ile simu. Kwa hiyo ukikatizwa katikati, hata kwa neno moja la mkeo au mumeo, anza tena tangu mwanzo. Na risasi zisiwe chumba kimoja na mtu anayesafisha. Ziache chumba kingine, mlango ufungwe.

Mnaniona mkali kwa jambo dogo. Nimefundisha watu shabaha zaidi ya miaka 30, na sijawahi kumwona mtu akiumizwa na bastola aliyoamini ina risasi alipokuwa akiichezea, kwa sababu hakuna anayeichezea hiyo. Wote ninaowajua waliumizwa na bastola ambayo mtu alisema ni tupu. Neno hilo "haina risasi" lifuteni midomoni mwenu. Kila bastola ina risasi, siku zote, hata hiyo uliyoikagua dakika hii. Ishike hivyo, ielekeze hivyo, na mtutu wake usipite hata kwa nukta juu ya kitu usichokuwa tayari kukiharibu. Mguu wako mwenyewe umo humo.

Kidole cha shahada kinakaa kimenyooka ubavuni mwa bastola, nje ya triga kabisa, mpaka umeshalenga na umeshaamua. Mtu akishtuka, akijikwaa au akisukumwa, mkono wote hukunja ngumi bila kumwuliza. Kama kidole kimo ndani, kitavuta. Bastola ikikuponyoka, iache ianguke. Nyingi za kisasa zimetengenezwa zisifyatuke kwa kuanguka, lakini mkono unaoidaka hewani mara nyingi huikamata kwenye triga.

Sasa kulenga, ambako ndiko mnakokimbilia wote. Shika mpini juu kabisa, ngozi iliyo kati ya gumba na kidole cha shahada ikandamizwe chini ya mkia wa slaidi, na mkono wa pili ujaze nafasi iliyobaki. Gumba la mkono wa pili lisipite nyuma ya slaidi, litachanwa. Simama umeinama mbele kidogo, magoti yamelegea. Macho yatazame kile kinundu cha mbele, juu ya slaidi, kikae katikati ya pengo la nyuma, vilele vikiwa sawa. Kinundu kionekane wazi, shabaha ikififia kidogo si kosa. Kisha triga ivutwe taratibu, moja kwa moja kuelekea nyuma, isinyakuliwe.

Wengi hukosa shabaha kwa sababu wanauogopa mlio kabla haujatoka. Mkono unajikaza na kuinamisha mtutu, na mtu wa mkono wa kulia anajikuta anapiga chini kushoto, analaumu bastola. Dawa ipo. Mwombe mwalimu akuchanganyie risasi bandia kwenye magazini bila wewe kujua ziko wapi. Ikifika ya bandia, bastola haitalia, lakini utauona mtutu ukichovya chini. Nimewaona wanaume wenye vifua vipana wakitazama mikono yao kwa mshangao siku hiyo, na kuanzia hapo wakaanza kujifunza. Nyumbani endelea na mazoezi bila risasi, dakika 10 zinatosha, ukiwa umeshakagua kama nilivyosema na umeelekea ukuta imara.

Mengine nayataja tu. Vaa vizibo vya masikio na miwani, maana mlio wa bastola hupita desibeli 140 na mmoja tu waweza kukuharibia usikivu. Nawa mikono baada ya shabaha, risasi zina ledi ndani yake, madini yenye sumu, usimbebe mtoto kabla hujanawa. Ukivuta triga isilie, usiigeuze kuchungulia. Iache imeelekea shabaha kwa sekunde 30, kwani baruti huweza kuchelewa. Usiibebe kiunoni bila ala inayofunika triga yote. Usiiguse ukiwa umekunywa.

Lakini kuna jambo la usiku lazima nilisimamie. Mnaniambia mmenunua kwa ajili ya mwizi. Sawa. Mwizi huyo mnamwona gizani, ninyi mmetoka usingizini, moyo unapiga, mikono inatetemeka, macho yanaona tundu dogo tu mbele. Mtu anayesukuma mlango saa nane za usiku ni nani? Anaweza kuwa kijana wako aliyetoroka kwenda kuona wenzake na sasa anarudi kimyakimya. Anaweza kuwa mama yako aliyeamka kunywa maji. Kwa hiyo tochi inunuliwe pamoja na bastola, na sauti yako itangulie: "Ni nani wewe?" Usimpige kivuli. Na hata ukiwa na hakika naye, jua kilicho nyuma yake. Risasi ya milimita 9 hupenya kuta nyepesi za vyumba na kuendelea, na nje inaweza kuruka zaidi ya kilomita 1. Kama watoto wamelala upande huo, huna nafasi ya kufyatua, hata uwe na haki kiasi gani. Kusanya watu wako chumba kimoja, funga mlango, piga simu polisi, ukae na bastola yako nyuma ya kitanda. Mwizi akichukua televisheni, aende nayo. Sheria za kila mahali zina namna yake, zisome kabla ya yote, ila karibu zote zitakuuliza kama maisha ya mtu yalikuwa hatarini kweli na kama ulikuwa na njia nyingine.

Naikasirikia jamii nzima pia, si ninyi peke yenu. Mtu akitaka kuendesha gari tunamkalisha darasani, tunampeleka barabarani na mwalimu pembeni. Akitaka bastola, mara nyingi kinachoulizwa ni karatasi na pesa. Yule kijana wangu aliniambia muuzaji alimweleza dhamana na namna ya kupaka mafuta, basi. Hakuna aliyemwambia habari za chemba. Na kabla ya hapo miaka 20 amelelewa na filamu ambazo watu hutembea na kidole kwenye triga tangu mwanzo hadi mwisho, na wazee sisi tukikaa kimya tukidhani ujasiri unatosha. Tumewakosea hapo, nakiri.

Na wewe ambaye siku hizi hulali, unajiona mzigo, dunia imekubana: mpe mtu unayemwamini hiyo bastola akuwekee nje ya nyumba mpaka upate nafuu. Hakuna aibu yoyote. Nimewahi kuwawekea watu watatu, wote walirudi kuzichukua, na sikuwauliza neno. Waliobaki, kasha la chuma lenye kufuli, risasi mahali pengine, na funguo usizifiche juu ya kabati. Watoto wameshapaona zamani.

Mwanangu wa juzi, najua unaisoma barua hii na umenuna. Ile risasi iliyookotwa na binti yako ninayo, iko kwenye droo ya meza yangu. Jumamosi asubuhi njoo uichukue. Njoo na bastola ndani ya ala, magazini tupu mfuko mwingine, na utakapofika mlangoni usiniambie chochote kuhusu risasi. Nionyeshe.

Mzee wenu