Mchango wa kurekodi habari za senema ya Majestic, Vuga

Assalaam alaykum wazazi, wanafunzi wetu wa zamani na majirani wa Mji Mkongwe.

Klabu ya Historia ya skuli yetu inaomba shilingi 4,500,000 kabla ya likizo ya Disemba, ili watoto wawarekodi wazee waliofanya kazi Majestic au waliokuwa wakienda kuangalia picha pale.

Watoto wanapita mbele ya jengo lile kila siku na wengi hudhani ni ghala. Mwaka 1921 palijengwa senema ya Royal, kwa ramani ya J. H. Sinclair, Mwingereza huyo huyo aliyechora Beit el Amani, jumba la makumbusho la Mnazi Mmoja. Royal iliungua mwaka 1954, na mwaka uliofuata ikafunguliwa Majestic papo hapo. Baadaye ikaja televisheni, zikaja kaseti za video, na viti vikabaki vitupu.

Hayo yameandikwa, anayetafuta atayapata. Tunachokifuata sisi ni mambo kama mbio za mikanda. Picha ya Kihindi ya saa tatu ilikuja kwa mafungu, kila mkanda mkubwa ukicheza dakika ishirini hivi. Nakala ikiwa moja na senema za kuionyesha ni mbili, basi moja ilitangulia kuanza. Mkanda ukimalizika, kijana aliupakia kwenye baiskeli akakimbia nao hadi senema ya pili, ambako watu walikuwa wameshalipa na hawataki kusikia udhuru. Vijana hao walikuwa kina nani? Walipita wapi siku ya Skukuu, Mnazi Mmoja ikiwa imefurika? Na walanguzi wa tiketi je, ambao bila shaka wajukuu zao tunawasomesha hapa? (Hatutawataja majina wasipotaka.) Tunawataka zaidi mabibi waliokwenda kwenye maonyesho ya wanawake peke yao, maana habari zao ndizo zilizoulizwa kidogo kuliko zote.

Aliyekuwa na miaka 15 Majestic ilipofunguliwa, leo amepindukia themanini. Ndiyo maana hatusubiri bajeti ya mwakani.

Mzazi mmoja aliuliza kwa nini tusichangie paa la jengo. Swali zuri, lakini paa la ukumbi ule linataka wahandisi na fedha ambazo mfuko wa skuli hauna. Sisi tutanunua vinasa sauti viwili, skana na diski mbili za kuhifadhia, moja ikae skuli na nyingine kwingine, kwa sababu kompyuta zetu mnazijua. Zitakazobaki ni za nauli ya kuwaleta wazee na kuwarudisha, na chai yao. Hakutakuwa na hafla ya uzinduzi wala fulana.

Mwalimu wa fedha anapokea michango skuli kila Jumamosi asubuhi na anatoa risiti, hata kwa shilingi elfu moja. Hesabu itabandikwa kwenye ubao wa matangazo kila mwisho wa mwezi. Ahadi pia tunapokea, ila ziwe na tarehe.

Asiye na fedha atazame masandukuni: tiketi, karatasi za matangazo ya picha, hata foto ya harusi iliyopigwa Vuga na jengo likaonekana nyuma. Tutazinakili mbele yako na utaondoka na chako siku hiyo hiyo. Na kama nyumbani kwako kuna babu au bibi anayekumbuka, mwandikishe jina kwa mwalimu wa historia, useme na saa anazopendelea kuzungumza.