Barua kwa mwanangu: huyo Juvayni unayemwita kibaraka

Mwanangu,

Shikamoo yako nimeipata, marahaba. Insha nimeisoma mara mbili, ya pili nikiwa na miwani. Umeandika vizuri, ila pale ulipomwita Ata-Malik Juvayni, yule mwanahistoria wa Kiajemi, kibaraka wa Wamongolia, ukaweka nukta, ukahamia aya nyingine, nilikasirika kidogo. Mbona umemmaliza haraka hivyo?

Kazaliwa 1226 huko Khorasan, mashariki ya Uajemi, miaka michache tu baada ya jeshi la Genghis Khan kupita. Babu yake alimtumikia Khwarazm Shah, mfalme wa nchi hizo, yule yule aliyeng'olewa na Wamongolia. Baba yake akaja kuwashikia Wamongolia hao hesabu za fedha. Naye akaingia ukarani kwao angali kijana, akafuatana na mkubwa wake hadi Karakorum, mji mkuu wa Wamongolia, na huko rafiki zake wakamng'ang'ania: andika habari za watu hawa. Akaanza mnamo 1252. Kwa hiyo karatasi, wino na mkate aliokula akiandika, vyote vilitoka kwa mabwana.

Sasa fungua kitabu chake penye habari za mji wa Bukhara, uliotekwa na Wamongolia 1220. Anamleta mtu mmoja aliyenusurika akafika Khorasan, watu wakamwuliza kulikoni huko. Akajibu: walikuja, wakabomoa, wakachoma, wakaua, wakapora, wakaenda zao. Basi. Kwa Kiajemi ni vitenzi sita, na Juvayni anasema wajuzi waliomsikia walikubaliana kwamba lugha hiyo haina namna fupi zaidi ya kulisema jambo lile. (Kiswahili nacho hakitoki jasho hapo. Hiyo "ka" yetu kama iliumbwa kwa kazi hiyo.) Na msikitini je? Makasha ya misahafu yakageuzwa mahori ya farasi, misahafu ikawa chini ya kwato, masheikh wakasimamishwa kuwatunza farasi. Haya kayaandika huku anakula mshahara wao.

Lakini usidhani namtetea moja kwa moja. Alamut, ngome ya Waismaili, madhehebu ya Kishia, iliposalimu amri mwishoni mwa 1256, alimwomba Hulagu, mjukuu wa Genghis aliyeongoza jeshi hilo, ruhusa ya kuingia maktaba. Akatoa misahafu, vitabu alivyoona vina maana, na vyombo vya kupimia nyota. Vilivyobaki, vya madhehebu aliyoyaita upotofu, akavichoma, na anavyolisimulia hana hata chembe ya majuto. Ila maisha ya Hasan-i Sabbah, kiongozi wa kwanza wa Waismaili wa Alamut, aliyoyakuta humo aliyachota, akayatia katika kitabu chake. Anayetaka kumjua Hasan leo anapitia kwa mtu aliyeichoma maktaba yake.

Hapo mimi sauti yangu hushuka. Unajua miaka niliyokaa masijala. Kuna siku tuliambiwa tuondoe majalada ya zamani, tukayachoma kwenye pipa nyuma ya ofisi. Mengine yalikuwa yamefungwa kamba nyeupe, yananuka panya. Niliyabeba kifuani safari kumi na kitu, sikufungua hata moja. Mwenzangu Juvayni angalau alisoma kwanza.

Mwaka 1258 alikuwa kwenye msafara wa Hulagu Baghdad ilipoangushwa, na mwaka uliofuata akapewa mji huo autawale. Akakaa humo zaidi ya miaka ishirini. Akachimba mfereji wa kutoa maji ya Frati kutoka Anbar hadi upande wa Kufa na Najaf, vijiji vikaota kandokando yake. Fitina ikamkuta uzeeni: akashtakiwa kula hazina, akafungwa, akatolewa 1282 alipotawala Ahmad Tegüder, mwana wa Hulagu, akafa 1283. Hayo umeyaandika mwenyewe, na tarehe zako ni sahihi.

Ila hukutazama kitabu chake kinaishia wapi. Kinaishia Alamut. Baghdad haimo. Mtu aliyeyaokota maneno sita ya mkimbizi wa Bukhara, mji ulioanguka yeye hajazaliwa, Baghdad aliiona kwa macho yake, akaishi baada yake miaka ishirini na mitano, kila asubuhi akiamka ndani yake, na hakuiandikia hata sura moja. Alikuwa na kazi nyingi? Aliogopa? Au alishaona aibu ya kulala kwenye nyumba za wenyewe? Insha ilikuwa ianzie hapo, siyo kwenye "kibaraka".

Irekebishe uniletee kabla hujaikabidhi. Na vile vitabu nilivyokuazima wakati wa Idi virudi na majalada yake, safari iliyopita kimoja kilirudi uchi.

Mama yako